Gogo wa Ndalat: nkambo aliyekaa benchi moja na watoto aliowazalisha

Yote yalianza na pesa za shule zilizobaki.

Katika kijiji cha Ndalat, kaunti ya Nandi, magharibi mwa Kenya, binti mmoja alipata mimba akaacha masomo. Mzee wa ukoo wake, Priscilla Sitienei, alimuuliza kwa mzaha: kule shuleni, hakuna salio la karo lililobaki? Binti akajibu kwamba lipo. Basi, mzee akamwambia, nitalitumia mimi, nitaenda kusoma.

Alitumaini kwamba binti huyo, mtoto wa mjukuu wake, angecheka, au angeona haya, kisha angechukua daftari na kurudi darasani. Binti alikataa. Bibi hakurudisha neno lake. Alivaa sare na kwenda shule ya msingi akiwa na umri ambao wengi hawaufikii hata wakiwa wamelala kitandani.

Priscilla Sitienei, aliyejulikana na dunia nzima kwa jina la Gogo, alifariki Jumatano tarehe 16 Novemba 2022, nyumbani kwake Ndalat, baada ya kupata maumivu ya kifua. Alikuwa na miaka 99. Jamaa yake walieleza kwamba alikuwa na afya nzuri na alikwenda darasani mpaka siku tatu kabla ya kifo, alipojisikia vibaya. Mitihani ya mwisho aliyokuwa akiitayarisha ilitarajiwa kuanza wiki iliyofuata.

Gogo, katika lugha ya Wakalenjin, ni bibi. Kwa mtu wa Kasaji, Mutshatsha ama Kolwezi, ni nkambo tu. Na katika lupango nyingi za Lualaba hakuna haja ya kueleza nkambo ni nani: ndiye anayebaki na watoto wakati baba amekwenda kuchimba na mama amekwenda sokoni, ndiye anayeamshwa usiku mwanamke wa jirani akishikwa na uchungu.

Kazi ya miaka 65

Kabla ya kuwa mwanafunzi, Gogo alikuwa mzalishaji. Kwa miaka 65 alipokea watoto wa Ndalat. Hiyo ni kazi ya vizazi vitatu: mtoto aliyempokea mwanzoni mwa kazi yake angeweza kuwa tayari babu wakati yeye anaingia darasani. Alijiunga na shule ya Leaders Vision Preparatory karibu mwaka 2010. Mwanzoni shule hiyo ilimkataa. Si vigumu kuelewa kwa nini: mwalimu gani anajua la kufanya na mwanafunzi anayeweza kuwa nkambo wa mkuu wa shule? Lakini mzee alirudi, na baada ya muda walimu waliona kwamba hakuja kwa mchezo.

Darasani kulikuwa na watoto wa miaka 10 hadi 14. Baadhi yao aliwazalisha yeye mwenyewe. Sita walikuwa damu yake, watoto wa vitukuu vyake. Alijifunza hesabu, akacheza michezo, akaimba pamoja nao. Alilala katika bweni la shule, akishiriki chumba na mmoja wa watoto wa ukoo, na hata hapo wanawake waliendelea kumtafuta awasaidie kujifungua. Mchana mwanafunzi, usiku mzalishaji.

Mwaka 2015 waandishi wa BBC walipomtembelea, alitoa sababu mbili za kusoma. Ya kwanza ni yake binafsi: alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Ya pili ni ya kijiji: aliona watoto wanaozungukazunguka bila baba na bila tumaini, na alitaka kuwavuta shuleni. Alikuwa akiwasimamisha njiani na kuwauliza kwa nini hawako darasani. Wakimwambia kwamba wamekuwa wakubwa mno kwa shule, jibu lake lilikuwa fupi: mimi niko shuleni, basi na ninyi mnaweza.

Kuna sababu ya tatu aliyoitaja, na pengine ndiyo nzito kuliko zote. Alitaka kujua kuandika ili aache kwa maandishi yale aliyoyajua kuhusu uzazi na dawa za miti. Mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka 65 alikuwa na maktaba nzima kichwani, bila ukurasa hata mmoja. Mzalishaji wa kijijini anapokufa, watu humlilia, humzika, kisha mwaka unaofuata mtu anauliza ule mti wa kuzuia damu ulikuwa upi, na hakuna anayejibu. Tena si kila alichojua mzee ni dawa ya kweli. Yako ya kufaa na yako ya kuacha. Lakini daktari hawezi kupima kitu ambacho hakikuandikwa.

Mapema mwaka 2022, akiwa amekwisha kutimiza miaka 98, aliwaambia waandishi wa Reuters kwamba anataka kuwa daktari. Watu walicheka kwa upendo. Hata hivyo ukiangalia vizuri, hakuwa anaota kazi mpya. Alitaka diploma ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Miaka isiyolingana

Msomaji mwenye kupenda hesabu ataona jambo. Januari 2015 Gogo alitajwa kuwa na miaka 90; Novemba 2022 akafariki na miaka 99. Miaka saba na miezi imezaa tisa. Jamaa yake wenyewe, wakimshukuru Mungu, walizungumza juu ya miaka 100.

Hakuna sababu ya kugombana juu ya hilo. Alizaliwa chini ya utawala wa Waingereza, wakati ambapo mtoto wa kike wa kijijini hakuandikwa popote. Kasaji wanajua hesabu ya namna hiyo. Mzee wa huko akiulizwa umri wake, mara nyingi hujibu kwa tukio: alizaliwa wakati reli ilipofika Dilolo, mwaka 1931, ama alikuwa tayari na watoto wakati wa vita vya siku 80, Machi 1977, wapiganaji wa FNLC walipovuka kutoka Angola na kuchukua Dilolo, Kasaji, Kisenge, Sandoa na Kapanga mpaka Mutshatsha. Cheti cha kuzaliwa ni kitu cha wajukuu.

Na shule vilevile. Upande wa Kongo, Wabelgiji waliacha elimu mikononi mwa misheni, na misheni iliwatanguliza wavulana. Msichana aliyebahatika alifundishwa katekisimu, kushona na kupika. Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kupata diploma ya chuo kikuu, alihitimu Lovanium, Kinshasa, mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru. Wakati huo Gogo wa Ndalat alikuwa karibu na miaka 40, na alikuwa amekwisha kupokea watoto kwa miaka mingi bila kujua kuandika jina la hata mmoja wao.

Jirani yake wa zamani

Gogo hakuwa wa kwanza. Mwaka 2004, baada ya Rais Mwai Kibaki kuondoa karo katika shule za msingi za Kenya mwaka uliotangulia, mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alijiandikisha katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, katika ukanda uleule wa Bonde la Ufa. Alikuwa na miaka 84, na kitabu cha Guinness kilimwandika kuwa mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alipanda ndege hadi New York kuwaambia wakubwa wa dunia juu ya elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimkimbiza kutoka nyumbani kwake. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 bila kumaliza masomo aliyoyataka.

Maruge alikwenda shule kwa sababu serikali ilifungua mlango. Gogo alikwenda kwa sababu msichana mmoja alikataa kuingia katika mlango uliokuwa wazi. Tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo inayofanya habari ya bibi huyu iwahusu watu wa Lualaba kuliko ile ya mzee wa Eldoret.

Mlango ulio wazi, na watoto walio nje

Kongo pia imefungua mlango. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Ilichukua miaka 13 maneno hayo kutoka kwenye karatasi: ni mnamo Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanza kutekeleza elimu ya bure nchi nzima. Watoto waliingia kwa wingi mno. Madarasa yalijaa, benchi la watoto watatu likabeba watano, na walimu wengi wanaoitwa « nouvelles unités » waliendelea kufundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara.

Lakini bure ya shule si bure ya maisha. Daftari, sare, viatu na bukari ya asubuhi bado vinahitaji franga. Na baada ya mwaka wa sita, shule ya sekondari inarudi kwenye minervali.

Katika ukanda wa shaba na kobalti, mtoto ana mahali pengine pa kwenda. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka Lualaba. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, waligundua kobalti chini ya nyumba zao na kuanza kuchimba ndani ya lupango. Mwaka huohuo UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40.000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa nchi. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 iliwakuta watoto wanaookota, kuosha na kubeba mawe kwa franga elfu moja au elfu mbili kwa siku, na wengi walisema wanatafuta pesa hizo kwa sababu wazazi hawakuweza kulipa shule.

Kasaji si Kolwezi. Ni mji mdogo wa wilaya ya Dilolo, kwenye reli ya SNCC inayokwenda mpaka wa Angola; watu wake ni wa muhogo, mahindi na biashara ya njiani. Lakini anayekosa kazi huko huangalia upande wa mashariki, kwenye machimbo. Vijana huondoka, na wanaobaki na watoto ni wazee. Mtoto anayerudi baada ya miaka miwili ya kuosha mawe ana miaka 13 au 14, na kiwango chake ni cha mwaka wa pili. Anawekwa katikati ya watoto wa miaka saba. Wanamcheka. Wiki ya pili haonekani tena.

Hapo ndipo picha ya bibi wa miaka 90 katika sare inapofanya kazi ambayo hotuba ya waziri haiwezi kuifanya. Haya ya kuwa mkubwa darasani ni kikwazo cha kweli, sawa na karo. Gogo aliichukua haya hiyo akaivaa yeye mwenyewe, hadharani, ili mtoto wa miaka 14 asiwe tena mkubwa kuliko wote darasani.

Nani atabeba mtoto?

Kwa wasichana, jambo ni zito zaidi. Kenya imekuwa na mwongozo tangu 1994 unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Tanzania iliondoa kizuizi chake Novemba 2021. Hata hivyo binti wa Ndalat, katika nchi yenye mwongozo huo na akiwa na salio la karo, alisema hapana. Inafaa kulisema wazi: mzaha wa Gogo haukumrudisha yule aliyekusudiwa. Habari nyingi zilizoandikwa juu ya bibi huyu huruka haraka kipande hicho, kwa kuwa picha ya bibi anayecheka na watoto ni tamu zaidi.

Msichana hukataa kwa sababu nyingi, na nyingi haziandikwi kwenye sheria. Kuna wenzake watakaomnong'ona. Kuna mwalimu atakayemtolea mfano mbele ya darasa. Kuna kijana aliyempa mimba, ambaye yeye anaendelea na masomo bila mtu kumuuliza kitu. Na kuna swali la asubuhi, saa moja, kabla ya kengele: nani atabeba mtoto?

Katika familia za Lualaba, jibu la swali hilo karibu siku zote ni nkambo. Bibi akikubali kubaki na kichanga, msichana ana nafasi. Bibi akisema « umekwisha kuwa mama, kaa na mtoto wako », masomo yamekwisha siku hiyohiyo, hata kama serikali imeandika vitabu kumi vya haki. Mabibi wanashika ufunguo ambao wizara haina. Wengi wao hawakupewa nafasi ya kusoma, na wako wanaosema kwa uchungu: sisi hatukusoma na tuliwalea vizuri. Gogo alitoka katika kizazi hichohicho, na alichagua kusema kinyume. Aliiambia UNESCO kwamba alitaka kuwa mfano kwa wasichana wa dunia nzima walio nje ya shule, na akaongeza kwa ukali wa bibi kwamba mtu asiyesoma hana tofauti na kuku. Ni maneno makali. Mtu mwingine akiyasema ni tusi. Yeye aliyasema juu ya maisha yake mwenyewe.

Filamu, na safari ya Ufaransa

Mfaransa Pascal Plisson, aliyejulikana kwa filamu yake ya 2013 juu ya watoto wanaotembea mbali kwenda shule, alimfuata Gogo na kamera. Filamu hiyo, yenye jina lake, ilionyeshwa katika sinema za Ufaransa mwaka 2021. Ilimpeleka bibi wa Ndalat hadi Ufaransa, ambako alikutana na Brigitte Macron, mke wa rais, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu. Umaarufu haukumtoa darasani. Alirudi kwenye daftari lake.

Sifa zilizotolewa baada ya kifo chake zilikuwa nyingi, na zote zilirudia neno moja: rekodi. Mwanafunzi mzee kuliko wote wa shule ya msingi duniani. Ni kweli, lakini rekodi ni kitu cha mtu mmoja, na huyu hakuishi kwa ajili ya mtu mmoja. Kijiji cha Ndalat kilimjua kwa mikono yake kabla ya dunia kumjua kwa sare yake.

Kwa wanaotaka kurudi

Kwa familia ya Lualaba yenye mtoto aliyechelewa, ipo njia ambayo wengi hawaijui. Wizara ya mambo ya kijamii inasimamia vituo vya kurudisha watoto shuleni, vinavyoitwa kwa Kifaransa « centres de rattrapage scolaire ». Humo, miaka sita ya shule ya msingi inafundishwa kwa miaka mitatu, darasani pamoja na wenzao waliochelewa pia, si katikati ya watoto wadogo. Mwishoni, mtoto hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi kama wengine, na akifaulu anaweza kuingia sekondari.

Kwa watu wazima kuna madarasa ya kujifunza kusoma na kuandika, mengi yakiwa kwenye parokia, makanisa na mashirika ya wanawake, mara nyingi saa za mchana baada ya shamba. Hayatoi diploma kubwa. Yanafundisha kuandika jina, kusoma karatasi ya kituo cha afya, kuhesabu franga za soko bila kudanganywa. Ofisi ya mambo ya kijamii ya wilaya ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza, na kuuliza hakulipiwi. Nkambo anayetaka kumwandikisha mjukuu anaweza, siku hiyohiyo, kuuliza pia kwa ajili yake mwenyewe.